Mazungumzo ya Juma: Herufi Zikihama, Vidole Vifanyeje?



Juma lililopita tulipata barua kutoka kwa binti mmoja wa ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli. Jina lake twalificha, maana hakupenda litajwe; lakini shida yake si yake peke yake, na ndiyo sababu tumeonelea vema kumjibu hapa mbele ya wote.

Binti huyu amemaliza masomo ya sekondari katika tawi la biashara. Shuleni alifundishwa kupiga chapa kwa mashine ya zamani ya chuma, ile ambayo mstari wake wa juu huanza na herufi A, Z, E, R, T, Y. Baba yake amekwisha kufariki. Mama yake huuza mchele na mawese sokoni, na wadogo zake watatu wanangoja minervali. Sasa amepata kazi ya kujaribiwa muda wa miezi mitatu katika nyumba moja ya kupigia chapa na kutoa fotokopi. Kompyuta ya hapo ililetwa kwa ndege kutoka Goma, na mstari wake wa juu huanza na Q, W, E, R, T, Y.

Siku ya kwanza mteja mmoja alileta barua aliyotaka kumpelekea baba yake mdogo, kuomba msaada kwa ajili ya watoto. Binti akapiga upesi kama alivyozoea, macho yakiwa kwenye karatasi. Alipoyainua akaona "Bqbq" mahali pa "Baba", na "zqtoto" mahali pa "watoto". Mteja akacheka, lakini mwenye nyumba hakucheka.

Tena yaya yake aliyeko Ulaya amemletea ujumbe kwamba mipango hiyo miwili ni ya kizamani, na kwamba watu wenye akili hutumia mpango uitwao Dvorak au ule uitwao BÉPO, ambao hupumzisha vidole na kuongeza mbio. Basi binti anauliza: "Nibadili vidole vyangu, au nibadili mashine? Nina miezi mitatu tu."

Swali hili ni jema, na jibu lake lahusu mkate wa watu wanne. Kwa hiyo hatutalijibu kwa haraka. Kwanza tuangalie mipango hii ilikotoka, kisha tuipime kwa lugha yetu wenyewe, na mwisho tutoe shauri.

Ilikotoka

Mtu aliyeanzisha mpango wa QWERTY ni Christopher Latham Sholes, wa mji wa Milwaukee huko Marekani. Yeye na wenzake walipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kuandikia mwaka 1868. Kiwanda cha Remington, kilichokuwa kikitengeneza bunduki, kilianza kuuza mashine hiyo mwaka 1874. Mwaka 1878 kikatoa nyingine iliyoweza kupiga herufi kubwa na ndogo, nayo ikaenea sana.

Watu wengi husimulia kwamba Sholes alizipanga herufi hivyo ili vyuma vya mashine visigongane na kukwama. Wengine hukataa. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, waliandika kwamba mpango huo ulitokana zaidi na mahitaji ya watu wa telegrafu, waliokuwa wakiandika habari walizozisikia. Iwe hivi au vile, jambo moja ni hakika: haukupangwa kwa ajili ya Kiswahili.

Wafaransa nao, mwishoni mwa karne ya 19, wakageuza herufi chache na kupata mpango wa AZERTY. Wabelgiji wakauchukua huo, ila wakahamisha alama kadhaa. Hivyo ndivyo ulivyopanda hadi kwetu Maniema, pamoja na maofisi ya serikali, ya reli na ya misioni. Waingereza kwa upande wao walipeleka QWERTY Tanganyika, Kenya na Uganda. Ni kama habari ya magari: ukiwa Kalemie gari hushika mkono wa kulia, ukivuka ziwa hadi Kigoma hushika mkono wa kushoto. Ziwa ni moja, na lugha ya Kiswahili ni moja, lakini mazoea ni mawili.

Zamani jambo hili halikutusumbua, kwa kuwa mashine zote zilitoka upande mmoja. Siku hizi kompyuta zilizotumika Ubelgiji au Ufaransa hutufikia na AZERTY yake, na zile zipitiazo Dubai, Mombasa na Kampala hutufikia na QWERTY yake. Zote zakutana juu ya meza moja hapa Kindu, na kijana aketiye mbele yake ni yule yule mmoja.

Mpango wa Dvorak ulitungwa na August Dvorak, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, pamoja na shemeji yake William Dealey. Walipewa hati mwaka 1936. Wao walihesabu herufi zitumikazo zaidi katika Kiingereza, wakaziweka kwenye mstari wa kati, mahali vidole vinapokaa. Sauti zote tano, A, O, E, U, I, wakazikusanya chini ya mkono wa kushoto.

BÉPO ni mtoto wa juzi. Ulianza kutungwa mwaka 2003 kwa ajili ya Kifaransa, kwa njia hiyo hiyo ya kuhesabu herufi. Mwaka 2019 shirika la Ufaransa lisimamialo vipimo, AFNOR, lilitoa kanuni iliyoeleza mipango miwili, yaani AZERTY iliyotengenezwa upya, na BÉPO.

Tupime kwa Kiswahili

Twawaomba wanafunzi wachukue kalamu wahesabu pamoja nasi. Tuandike sentensi moja ya kila siku: Watoto wa kwetu wanasoma shuleni kila siku. Ina herufi 36. Kati yake sauti, yaani A, E, I, O, U, ni 17, karibu nusu nzima. Herufi A yatokea mara 6, na W mara 4. Q haimo hata mara moja.

Sasa tuulize: ni herufi ngapi za sentensi hiyo zilizo kwenye mstari wa kati, ambazo kidole hakina haja ya kusafiri ili kuzifikia? Katika AZERTY ni 10. Katika QWERTY ni 15. Katika BÉPO ni 23. Katika Dvorak ni 26.

Kweli, sentensi moja si lugha nzima. Lakini mwenye kuhesabu ukurasa wa kitabu chochote cha Kiswahili ataona kwamba maneno yetu huisha kwa sauti, na kwamba A ndiyo mfalme wao. Na tazameni jinsi AZERTY inavyomtendea mfalme huyo: yamweka pembeni kabisa juu, chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote, mahali pazuri pa katikati yampa Q, ambayo Kiswahili hakina kazi nayo. Tena W imewekwa pembeni chini. Kwa hiyo kila tuandikapo "wa", na Mswahili huandika "wa" mara ngapi kwa siku, kidole kile kile kidogo chapaswa kushuka mstari wa chini kisha kurukia mstari wa juu. Katika QWERTY silabi hiyo hiyo hupigwa na vidole viwili vilivyo jirani. Basi kwa Kiswahili kitupu, QWERTY ni nyepesi kuliko AZERTY.

Je, Dvorak na BÉPO ndizo bora basi? Tusikimbilie. Dvorak alipima Kiingereza. Aliiweka K mstari wa chini, chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na kidole hicho hicho ndicho kipigacho U na I. Sasa fikirini maneno yetu: kusoma, kulima, kupika, kitabu, kiti, kisima. "Ku" na "ki" ni kama nyayo zetu, kila tuendapo twaziacha. Mwenye kutumia Dvorak atakirusha kidole kimoja chini na juu siku nzima.

Watungaji wa BÉPO nao walipima Kifaransa, ambacho W kwake ni mgeni wa nadra. Kwa hiyo wakaiweka W mwisho kabisa wa mstari wa juu, mkono wa kulia, mahali kidole kidogo kisipofika ila kwa kujinyoosha. Katika sentensi yetu safari hiyo ingefanywa mara 4.

Kumbe! Mipango yote minne ilishonwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Mmoja watubana bega, mwingine watubana kifua. Hakuna uliotukaa barabara.

Habari ya Kifaransa

Wala tusisahau kwamba mpiga chapa wa Kindu haandiki Kiswahili peke yake. Asubuhi huandika tangazo la kilio kwa Kiswahili, mchana barua ya kuomba kazi kwa Kifaransa. Na Kifaransa chataka é, è, à na ç. Katika AZERTY herufi hizo ziko wazi kwenye mstari wa tarakimu: é juu ya 2, è juu ya 7, ç juu ya 9, à juu ya 0. Katika QWERTY ya kawaida hazionekani. Ni lazima kuitengeneza kompyuta itumie mpango wa QWERTY wa kimataifa, ambapo alama ya mkato hutangulia na herufi hufuata. Ama kushika kitufe cha Alt na kupiga tarakimu za pembeni, 130 kwa é, 138 kwa è, 133 kwa à, 135 kwa ç. Watu wa Québec, ambao ni Wakanada wasemao Kifaransa, walipata njia ya kati: hutumia QWERTY, lakini é wameiwekea kitufe chake.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Katika AZERTY hupigwa kwa kushikilia kitufe cha herufi kubwa. Katika QWERTY hupigwa hivi hivi. Mwenye mazoea ya QWERTY akiandika mwaka 2015 kwenye AZERTY bila kutazama, ataacha "éà&(" juu ya karatasi. Herufi ikikosewa msomaji aweza kukisia, lakini tarakimu ikikosewa katika cheti cha kuzaliwa au hesabu ya fedha, nani atakisia?

Je, ni kweli kwamba mbio huongezeka?

Yaya wa binti yetu asema kwamba mpango mpya huongeza mbio sana. Habari hiyo yatoka mbali. Mwaka 1944 jeshi la majini la Marekani lilitoa matokeo ya jaribio lililomsifu Dvorak sana. Lakini Dvorak mwenyewe alikuwa afisa katika jeshi hilo wakati ule, na wachunguzi waliofuata wakaona kwamba jaribio lile halikulinganisha watu sawasawa.

Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilimpa Earle Strong kazi ya kupima tena. Akawachukua wapiga chapa 10 wa QWERTY, akawafundisha Dvorak masaa 4 kila siku. Iliwachukua zaidi ya siku 25 kurudi tu kwenye mbio walizokuwa nazo kabla. Kisha akawalinganisha na wenzao walioendelea kufanya mazoezi ya QWERTY, na hao wa QWERTY wakaendelea vizuri kuliko wao. Strong akashauri serikali isibadili.

Wataalamu wa uchumi wameligombania jambo hili. Paul David aliandika mwaka 1985 kwamba QWERTY ni mfano wa kitu kisicho bora kilichoshinda kwa sababu tu kilitangulia. Liebowitz na Margolis wakamjibu mwaka 1990 kwamba ubora huo wa Dvorak haujathibitika. Sisi hatumo katika ugomvi wao. Twachukua lile lifaalo nyumba ya binti yetu: yaani kubadili mpango kabisa kwataka siku nyingi ambazo mtu hupiga polepole kuliko zamani, na faida ijayo baadaye si ya hakika.

Na siku hizo nani atazilipa? Hapa kwetu umeme ni wa kungojewa. Nyumba nyingi za kupigia chapa hutumia jenereta au vibao vya jua. Jenereta ikinguruma, petroli yaungua, hata kama vidole vimesimama vinatafuta A ilikokwenda. Mteja ana barua mkononi na ndege haimngoji. Mwenye nyumba huhesabu kurasa, hahesabu juhudi. Miezi mitatu ya majaribio si wakati wa kuwa mwanafunzi upya.

Kosa letu wenyewe

Tena kuna jambo la ujirani. Tukubali kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita sisi tunaoandika ukurasa huu tulishikwa na hamu ya kujaribu. Katika ofisi iliyokuwa na kompyuta moja kwa watu wanne, tuliigeuza kutoka AZERTY kuwa QWERTY, tukaandika kidogo, tukaenda kula bila kuirudisha. Mwenzetu akaja kufungua sanduku lake la barua za mtandao. Neno lake la siri lilikuwa na A na M ndani yake. Kama mjuavyo, neno la siri halionekani. Huonekana vitone tu. Akapiga, likakataa. Akapiga tena, likakataa, hata sanduku likafungwa mpaka kesho yake. Ndani yake mlikuwa na orodha ya majina ya wanafunzi iliyopaswa kupelekwa siku ile ile. Haikupelekwa. Wanafunzi wale hawakujua kamwe kwamba mahangaiko yao ya juma lile yalitokana na watu waliokuwa wakila wali.

Tangu siku ile tumeshika sheria moja: mashine ya watu wengi, iache kama ulivyoikuta. Mwenye kutaka kugeuza, ageuze, amalize, arudishe.

Shauri letu

Sasa twamjibu binti yetu, na wote walio katika hali yake.

Kwanza, usibadili vidole, badili mashine. Zamani herufi ilikuwa chuma, na mahali pake palikuwa pale pale hadi mashine ife. Kompyuta si hivyo. Herufi zilizochapwa juu ya vitufe ni rangi tu. Mpango wenyewe umo ndani. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, fungua mahali pa kutengenezea lugha, ongeza Kifaransa cha Ubelgiji au cha Ufaransa, kulingana na mashine uliyofundishwa. Katika Windows za siku hizi, ukishika kitufe cha Windows na kupiga kile kirefu cha nafasi, mpango hubadilika, ukirudia, hurudi. Mwenye nyumba atabaki na QWERTY yake, nawe utapata AZERTY yako, bila kununua kitu. Ila jua jambo moja: vibao vya namna ya Marekani havina kile kitufe cha pembeni, karibu na W ya AZERTY, chenye alama za < na >. Alama hizo hazitumiki sana katika barua, basi usihuzunike.

Pili, usitazame vidole. Kama huwezi kujizuia, nunua herufi za kubandika ubandike, au chora mpango wako kwenye karatasi uuweke kando ya kioo. Wengi wetu hupiga kwa vidole viwili, kama kuku adonoaye mtama, kisha twalaumu mpango wa herufi. Kwa mtu wa namna hiyo, kutoka vidole viwili kwenda kumi kutamfaa zaidi kuliko kutoka mpango huu kwenda ule.

Tatu, ukiisha kutulia kazini, jifunze QWERTY iwe mkono wa pili. Usiogope: herufi zihamazo ni 5 tu, yaani A, Q, Z, W na M. Nyingine 21 hukaa pale pale. Taabu kubwa ni tarakimu na vituo. Robo saa kila siku, kabla wateja hawajaja, yatosha kwa kuanza. Maana kesho waweza kuitwa katika ofisi ya shirika litumialo mashine za Nairobi, au ukavuka kwenda Kigoma kwa ndugu zako, na huko hutaikuta AZERTY. Ajuaye njia mbili za kwenda mtoni hakwami mvua inaponyesha.

Nne, Dvorak na BÉPO ziache kwanza. Hatusemi ni mbaya. Hesabu yetu ya juu yaonyesha uzuri wake. Lakini kutoka QWERTY kwenda Dvorak herufi 24 kati ya 26 huhama. Ni A na M tu zibakizo mahali pake. Tena hutaikuta mipango hiyo shuleni, wala katika mtihani wa kazi, wala kwa jirani utakayemwazima kompyuta. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku utakapokuwa na mashine yako mwenyewe, na kazi yako ikiwa ya kuandika kutwa, kama mwenye kutafsiri vitabu, au kama vidole vyakuuma kwa ajili ya kuandika mno, hapo utajaribu kwa raha, wala hakuna mtoto atakayekosa shule kwa ajili ya majaribio yako.

Kwa wenye nyumba za kupigia chapa twasema neno moja tu. Mfanyakazi akikosea juma la kwanza kwa sababu ya kibao asichokizoea, huo si uvivu. Mtengenezee mipango yote miwili ndani ya kompyuta, andika juu ya kikaratasi jinsi ya kuibadili, ukibandike pembeni. Ni kazi ya dakika kumi, nayo yaweza kukupa mpiga chapa wa miaka kumi.

Kwa wanafunzi wasio na mashine

Najua wengine wenu mtasema: "Mwazungumza habari za kompyuta, nasi hatuna." Fanyeni hivi. Chukueni ubao wa karatasi nene, mchore vitufe kwa ukubwa wake halisi. Kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kingine ni karibu sentimeta 2. Andikeni herufi za AZERTY. Juu ya F na J bandikeni punje ya mchele, kwa kuwa mashine za kweli zina kinundu kidogo hapo, ili vidole vya shahada vijue kwao bila macho. Mkono wa kushoto ukae juu ya Q, S, D, F. Wa kulia juu ya J, K, L, M. Kisha mwenzako asome maneno polepole, nawe upige juu ya karatasi, macho yakiwa dirishani. Karatasi haitoi barua, lakini yafundisha kidole, na haiunguzi petroli.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaosomea mambo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kindu na vyuo vingine. Mmeona kwamba Kiingereza kilipimwa, na Kifaransa kikapimwa. Katika kompyuta zitumiazo Linux, orodha ya mipango ya herufi yataja Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yataja Tanzania, yataja na Kenya. Basi mlango u wazi kwa wenye lugha kuleta kazi yao. Chukueni kurasa elfu za Kiswahili, na elfu za Kifaransa kama tukiandikavyo hapa, mhesabu herufi, mpime "wa" na "ku" na "ki", kisha mtuonyeshe mpango uliopimwa kwa mwili wetu. Hata ukikosa kutumiwa sokoni, mtakuwa mmeijua lugha yenu kwa undani kuliko walimu wenu.

Na wewe, binti wa Alunguli, kesho ukivuka mto kwenda kazini, anza na lile la kwanza. Mwombe mwenye nyumba dakika kumi kabla jenereta haijawashwa kwa ajili ya wateja. Mwandikie yaya yako kwamba umemshukuru, na kwamba Dvorak itangoja. Miezi mitatu ikiisha, tuletee habari. Nasi tutafurahi zaidi kama barua hiyo utakuwa umeipiga chapa mwenyewe, na jina la "Baba" likisomeka "Baba".